Saratani ya matiti haioti peke yake

Mama wa Marabo anaoga nyuma ya nyumba kabla ya kwenda sokoni. Mkono wenye sabuni unapita juu ya titi la kushoto, kisha vidole vinasita. Kuna kitu. Hakiumi. Ni kigumu kama punje ya hindi kavu iliyofichwa chini ya ngozi, na akikisukuma hakikimbii, kimejishikiza. Anakipapasa mara ya pili, mara ya tatu. Halafu anajifunga kitenge, anajitwika mihogo yake, anashika njia. Siku hiyo hamwambii mtu.

Mama huyo sikumpa jina kwa sababu ni wengi. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2022 wanawake milioni 2.3 waligunduliwa kuwa na saratani ya matiti, na watu 670,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Karibu nusu ya wagonjwa hawana sababu yoyote inayojulikana zaidi ya kuwa ni wanawake na kuwa wamevuka miaka 40. Wanaume nao hupatwa, ingawa katika kila wagonjwa 100 mwanamume hazidi mmoja.

Tubaki na vidole vya yule mama. Vimegusa nini?

Mara nyingi, tushukuru, vinakuwa vimegusa kitu kisicho saratani: uvimbe wa maji, tezi iliyokomaa vibaya, maziwa yaliyoganda. Lakini hata pale ambapo ni saratani kweli, jibu si lile tunalolitarajia. Ugumu ule kwa sehemu kubwa hautoki kwenye seli za saratani. Zenyewe ni laini. Kinachokakamaa ni mazingira yake: nyuzi zilizosukwa zikakazwa, kovu lililojengwa kuzizunguka. Kidole hugusa udongo kabla ya kugusa mbegu.

Makala hii ni ya udongo huo, yaani nyama, mafuta, nyuzi, mishipa na askari wa kinga wanaoizunguka saratani ndani ya titi. Watafiti wametumia zaidi ya miaka 130 kuelewa kwamba majirani hao ndio wanaoamua, kwa kiasi kikubwa, kama seli iliyoharibika italala, itaamka, au itasafiri. Nawaandikia watu wa Marabo na Bunia kwa sababu somo hili linabadilisha maana ya neno moja tunalolitamka kila siku: kungoja.

Mbegu moja, ardhi tatu

Marabo ni kituo cha biashara kwenye barabara ya taifa namba 27, kiasi cha kilomita 40 kutoka Bunia ukielekea Komanda, katika teritori ya Irumu, jimbo la Ituri, mashariki ya Congo. Ni nchi ya wakulima. Mkulima wa hapa ukimpa mbegu za maharagi, hataki habari za mbegu tu. Atakuuliza zitapandwa wapi: kwenye shamba jipya lililofyekwa, penye udongo mweusi; kwenye shamba lililochoka; au bondeni ambako maji hutuama. Mbegu moja, ardhi tatu, mavuno matatu.

Mwaka 1889 daktari wa upasuaji wa London, Stephen Paget, aliandika katika jarida la The Lancet hoja ambayo mkulima huyo angeielewa papo hapo. Alikusanya kumbukumbu za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti, akatazama ugonjwa ulikwenda kukaa wapi baada ya kutoka kwenye titi. Kama seli zinazochukuliwa na damu zingetua kwa bahati tu, viungo vinavyopokea damu nyingi vingeshambuliwa kwa kadiri inayokaribiana. Haikuwa hivyo. Ini lilikutwa na saratani katika wanawake 241. Bandama ilikutwa nayo katika 17 tu.

Bandama! Kiungo ambacho kila mzazi wa Ituri anakijua, kwa kuwa malaria hukivimbisha hadi ukakigusa kwa mkono chini ya mbavu za mtoto. Damu yake ni nyingi, mshipa wake ni mnene, lakini saratani ya titi ilipita pale bila kuota. Paget akahitimisha kwamba mimea ikizaa, mbegu hupeperushwa kila upande, ila huota tu pale zinapoangukia udongo unaozifaa. Akawasihi wenzake waache kuitazama mbegu peke yake, wachunguze na ardhi.

Hawakumsikiliza upesi. Katika miaka ya 1920, bingwa wa patholojia wa Marekani, James Ewing, alishikilia kwamba mambo yote ni mabomba: mahali damu inapokwenda ndipo saratani inapokwenda. Fikra hiyo ilitawala kwa miongo. Ndipo mwaka 1980 Ian Hart na Isaiah Fidler wakafanya jaribio lililo wazi. Walipandikiza katika panya vipande vya mapafu, vya ovari na vya figo, vikaota na kupata mishipa yao ya damu, kisha wakaingiza kwenye damu seli za saratani ya ngozi. Seli zilifika kote. Zikaota kwenye vipande vya mapafu na ovari. Kwenye figo hazikuota. Paget alikuwa amesema kweli.

Ua wa kifereji

Ili kuona udongo wenyewe, tuingie ndani ya titi.

Kutoka kwenye chuchu hutawanyika vifereji, kama mizizi inavyotawanyika kutoka kwenye shina, na mwisho wa kila kifereji kuna vijifuko vinavyotengeneza maziwa. Ukuta wa kifereji una tabaka mbili za seli. Za ndani hutoa maziwa. Za nje huyaminya yatoke mtoto anaponyonya. Kuzunguka tabaka hizo kuna utando mwembamba mno, kama ua wa nyumba. Nje ya ua ndiko kwenye mtaa wenyewe: mafuta, nyuzi za kolajeni zinazolipa titi umbo lake, mafundi wanaosuka nyuzi hizo waitwao fibroblasti, mishipa ya damu na ya limfu, na askari wa kinga wanaopiga doria.

Saratani nyingi za matiti huanzia ndani ya ua, katika zile seli za kifereji. Mradi zimebaki humo, daktari husema saratani iko mahali pake, na kuiponya ni jambo linalowezekana sana. Zikitoboa utando na kutoka mtaani, inaitwa vamizi. Ajabu ni kwamba kuna wanawake ambao seli zao zilizoharibika hukaa ndani ya ua miaka na miaka zisitoke. Kwa nini wengine zitoke? Sehemu ya jibu imo katika seli yenyewe, katika vinasaba vilivyovunjika. Sehemu nyingine imo katika hali ya ua na tabia ya mtaa.

Kuku waliofundisha ulimwengu

Mtu aliyelisimamia wazo hili kwa uvumilivu kuliko wengi ni mwanamke: Mina Bissell, aliyezaliwa Tehran, Iran, mwaka 1940, akafanya kazi yake ya utafiti katika maabara ya Lawrence Berkeley, California. Alianzia kwa kuku.

Tangu mwaka 1911 ilijulikana kwamba kuku wana virusi vya saratani. Peyton Rous wa New York ndiye aliyevigundua, na kwa kazi hiyo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, zaidi ya nusu karne baadaye. Ukimdunga kuku virusi vya Rous kwenye bawa, uvimbe unaota. Kila mtu aliamini kwamba kinasaba kibaya kikishaingia kwenye seli, mambo yamekwisha. Mwaka 1984 Bissell na mwenzake David Dolberg waliwadunga virusi hivyohivyo vifaranga wachanga kabisa, wakiwa bado ndani ya yai. Virusi viliingia, vikafanya kazi ndani ya seli. Uvimbe haukuota. Lakini seli zile zilipotolewa kwenye kiinitete, zikatenganishwa na kuwekwa kwenye sahani ya maabara, ziligeuka za saratani. Mbegu ilikuwamo muda wote. Majirani ndio walioizuia.

Jaribio lililofuata linanigusa zaidi. Kuku aliyekwisha kuanguliwa alidungwa virusi kwenye bawa moja, kisha bawa la pili likatiwa jeraha tu, bila kudungwa kitu. Uvimbe ulitokea pia kwenye jeraha. Mwili unapoponya kidonda huamsha seli zizaliane, huita mishipa mipya ya damu, hulegeza nyuzi ili mafundi wapite. Huo ni udongo uliolimwa na kumwagiliwa. Mbegu ikikuta shamba la namna hiyo, inashukuru.

Mwaka 1986 Harold Dvorak wa Boston alilisema jambo hilo kwa namna yake: saratani hufanana na kidonda ambacho hakiponi. Kidonda cha kweli kina mwisho. Damu hukauka, kovu hufunga, mafundi huenda nyumbani. Saratani huwazuia mafundi wasiende. Huwaweka kazini usiku na mchana, wakisuka nyuzi na kuchimba mishipa, kwa faida yake.

Kisha mwaka 1997 kikundi cha Bissell, akiwamo Valerie Weaver, kilichukua seli za titi la binadamu zilizokwisha kuwa za saratani, kikazikuza ndani ya ute unaofanana na ule utando wa ua. Wakaziba kwa kingamwili mkono mmoja ambao seli hutumia kushika na kupapasa mazingira yake. Seli zilizokuwa fujo tupu zikajipanga upya kuwa vijifuko vya duara, vilivyotulia. Makosa yote ya vinasaba yalikuwa bado yamo. Kilichobadilika ni habari ambazo seli ilipokea kutoka nje.

Hiyo si tiba ya hospitalini. Lakini ilithibitisha kwamba saratani si hukumu iliyoandikwa ndani ya seli moja. Ni mazungumzo kati ya seli na walio karibu nayo.

Dalili ni sauti ya majirani

Sasa turudi kwenye vidole vya yule mama, maana kila dalili ambayo wauguzi hutufundisha kuiangalia ni mazungumzo hayo yakijitokeza nje.

Ugumu: fibroblasti waliogeuzwa na saratani husuka kolajeni kupita kiasi, na vimeng'enya huzifunga nyuzi hizo pamoja kama kamba zilizokazwa. Utafiti wa maabara uliochapishwa mwaka 2009, akiwamo tena Valerie Weaver, ulionyesha kwamba ukazaji huo wenyewe huisukuma saratani mbele. Seli husikia ugumu na kuzidi kuvamia. Nyuzi zilizonyooka huwa njia, na seli hutembea juu yake kama watu juu ya daraja la magogo.

Ngozi iliyobonyea, au chuchu iliyoingia ndani ghafla: ndani ya titi kuna kano nyembamba zinazolishikilia kwenye ngozi. Kovu la saratani likijikunja huzivuta kano hizo, nayo ngozi hufuata.

Ngozi inayofanana na ganda la chungwa: mifereji ya limfu imezibwa, maji hayapati pa kwenda, ngozi inavimba, lakini vitundu vya vinyweleo vinabaki vimefungwa chini. Ndiyo maana huonekana mashimo mashimo.

Tezi kwapani: huko ndiko limfu ya titi inakokwenda kwanza, na ndiko seli zinazohama hupumzika kwanza.

Majirani hawa si wote wasaliti. Limfosaiti, askari wa kinga, wakijaa ndani ya uvimbe wa aina kali isiyo na vipokezi vitatu (masikio ambayo seli husikilizia ishara za kukua), aina inayowapata zaidi wanawake wenye asili ya Afrika na mara nyingi wakiwa bado vijana, mgonjwa huwa na matumaini makubwa zaidi ya kupona. Wengine, makrofeji, waliumbwa kula uchafu na vijidudu, lakini saratani huwashawishi wakawa wasindikizaji wake. Mwaka 2001 watafiti wa New York waliwanyima panya ishara inayowaita makrofeji. Uvimbe wa titi ulianza kama kawaida, ila ulichelewa kuwa mkali, na haukusambaa mapafuni kama kwa panya wengine.

Hata kabla ya saratani, udongo unahesabika. Norman Boyd na wenzake wa Canada walionyesha mwaka 2007 kwamba wanawake ambao robo tatu au zaidi ya titi lao kwenye picha ya mamogramu ni nyuzi na tezi, wana hatari karibu mara tano ya wale ambao sehemu hiyo haifiki moja ya kumi. Na baada ya hedhi kukoma, mafuta ya mwili huwa kiwanda cha homoni ya estrojeni, ambayo hulisha aina nyingi za saratani ya matiti. Mbolea hiyo hutoka kwa jirani.

Miaka inayofuata kuzaa

Hapa nataka kina mama wanaonyonyesha, na wakunga wao, wanisikilize.

Kuzaa na kunyonyesha hulinda titi. Uchambuzi uliokusanya tafiti 47 kutoka nchi 30, uliochapishwa mwaka 2002, ulikuta kwamba kila miezi 12 ya kunyonyesha hupunguza hatari ya saratani ya matiti kwa asilimia 4.3, juu ya asilimia 7 inayopunguzwa na kila uzazi. Tusiache kunyonyesha.

Lakini ulinzi huo huchukua muda kufika. Uchambuzi mwingine wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba baada ya kuzaa hatari hupanda kwanza, hufikia kilele yapata miaka mitano baada ya uzazi, na huchukua zaidi ya miaka 20 kugeuka kuwa kinga. Sababu mojawapo ni udongo. Mtoto akiachishwa ziwa, titi hujibomoa lirudi lilivyokuwa: vijifuko hufa kwa mamilioni, makrofeji huingia kufagia, kolajeni hupangwa upya. Kikundi cha Pepper Schedin nchini Marekani kilionyesha kwamba ukarabati huo unafanana sana na uponyaji wa kidonda. Tumekwisha kuona kidonda kinafanya nini kwa mbegu iliyokuwa imelala.

Wanawake wa kwetu huzaa mara nyingi, na uvimbe katika titi linalonyonyesha huitwa maziwa yaliyoganda hata kabla haujaguswa na mtu anayejua. Mara nyingi ni kweli. Maziwa yaliyoganda, au jipu la titi, huonyesha nafuu kwa siku chache ukikandwa, ukinyonyesha, au ukipewa dawa. Uvimbe uliovuka wiki mbili bila nafuu unataka ekografi, kipimo kisichomdhuru mama wala mtoto, na baada yake sindano ya kuchukua kipande. Muuguzi wa kituo cha afya anayelikumbuka jambo hilo moja anaweza kuokoa nyumba nzima.

Mifupa na wenyeji wake

Seli za saratani zinazotoroka ni nyingi. Karibu zote hufia njiani. Zinazofaulu huchagua. Saratani ya titi hupenda mifupa, mapafu, ini na ubongo.

Mfupa ni mfano mzuri wa ujirani mbaya. Mifupa yetu hubomolewa na kujengwa kila siku na seli za aina mbili, wabomoaji na wajenzi. Seli ya saratani ikitua humo hutuma ishara inayowachochea wabomoaji. Mfupa ukibomolewa huachia chakula kilichohifadhiwa ndani yake. Chakula hicho huikuza saratani, ambayo hutuma ishara zaidi. Mgonjwa husikia maumivu ya mgongo yasiyomwachia usiku, na siku moja mfupa huvunjika kwa kuinua ndoo ya maji.

Tiba nyingi za leo zinalenga udongo, hata kama hatuziiti hivyo. Tamoksifeni, kidonge kilichomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huziba masikio ambayo saratani hutumia kusikia estrojeni. Kundi jingine la vidonge huzuia mafuta ya mwili yasitengeneze estrojeni hiyo. Dawa zinazotuliza wabomoaji wa mfupa zilionyeshwa, katika uchambuzi mkubwa wa mwaka 2015, kupunguza kurudi kwa saratani mifupani kwa wanawake waliokoma hedhi. Mionzi baada ya upasuaji husafisha ardhi iliyobaki. Na dawa mpya huamsha limfosaiti dhidi ya ile aina isiyo na vipokezi vitatu, ingawa bei yake bado ni ukuta kwa mkulima wa Irumu.

Kisu na chale

Kuna hofu inayosikika pande nyingi za Afrika Mashariki: uvimbe wa titi usiguswe na kisu, kisu huuamsha. Siwacheki wanaoisema. Wamewaona wagonjwa wakienda kupasuliwa na kufa baada ya miezi michache, na wakaunganisha mambo mawili. Hata habari ya kuku na bawa lililojeruhiwa inaweza kusikika kana kwamba inawaunga mkono.

Tuiangalie kwa makini. Wengi wa wale waliokufa walifika kwa daktari saratani ikiwa imekwisha kusafiri. Kisu kilikuta kazi imekamilika. Upasuaji kamili huondoa mbegu pamoja na udongo wake ulioharibika, na dawa zinazofuata hushughulikia zilizopeperuka. Ndiyo njia iliyowapa wanawake wengi duniani miaka yao. Na sindano ya kuchukua kipande ni tundu dogo ambalo bila hilo daktari anatibu gizani.

Kinachofanana kweli na lile jeraha la kuku ni kitu kingine: chale juu ya uvimbe, majani ya kuunguza, kukandwa kwa nguvu hadi ngozi ipasuke. Vyote huacha kidonda na kuiacha mbegu mahali pake. Titi lililochomwa namna hiyo hufika hospitali likiwa na usaha, na miezi iliyopotea hairudi.

Barabara nayo ni sehemu ya ugonjwa

Nimesema somo hili hubadilisha maana ya kungoja. Mama akiamua asubiri mavuno yaishe, au usalama urudi barabarani, sisi tunadhani ugonjwa nao umekaa kitako ukingoja. Sivyo. Kila mwezi saratani inawageuza majirani: nyuzi zaidi zimesukwa, mishipa zaidi imechimbwa, makrofeji zaidi wamesajiliwa. Mbegu inalima shamba lake yenyewe. Kungoja ni kuipa jembe.

Lakini ni nani anayemchelewesha mama wa Marabo? Tusimlaumu peke yake. Jirani na Marabo iko Nyankunde, ambako hospitali ya Centre Médical Evangélique, iliyoanza katikati ya miaka ya 1960, ilikuwa miongoni mwa hospitali kubwa za mashariki ya Congo, na ilifundisha wauguzi wa eneo lote. Tarehe 5 Septemba 2002 wapiganaji waliivamia Nyankunde. Human Rights Watch ilikadiria kuwa raia wasiopungua 1,200 waliuawa katika siku zilizofuata, wakiwamo wagonjwa vitandani. Waliookoka, wauguzi na wagonjwa, walitembea kwa miguu kupita porini hadi Oicha. Hospitali ilifunguliwa tena baadaye, lakini mtu aliyeona hayo haihesabu safari ya hospitali kama safari nyepesi. Ituri iko chini ya hali ya dharura ya kijeshi tangu Mei 2021, na damu nyingi imemwagika kwenye barabara ya Komanda.

Anayehitaji mionzi hutazama mashariki, Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani ya Uganda iliyoanzishwa Mulago mwaka 1967. Njia ni Bunia, Mahagi, mpaka wa Goli, Nebbi, daraja la Mto Nile huko Pakwach, kisha mwendo mrefu kusini. Mwaka 2016 mashine pekee ya mionzi nchini Uganda iliharibika isitengenezeke, na mpya ilizinduliwa Januari 2018. Karibu miaka miwili eneo zima lilijifunza maana ya kutegemea chombo kimoja.

Gharama ya kuchelewa imehesabiwa. Utafiti uliofuatilia wanawake wenye saratani ya matiti nchini Uganda, Zambia, Nigeria, Namibia na Afrika Kusini ulikuta kwamba karibu nusu yao hawakuwa hai baada ya miaka mitatu. Na kwa kila wanawake 100 waliokufa kabla ya kutimiza miaka 50, watoto 210 walibaki bila mama.

Shirika la Afya Duniani limeweka malengo matatu ambayo nayaona kama mtihani kwa serikali ya jimbo letu na kwa makanisa yanayoendesha hospitali: asilimia 60 ya wagonjwa wagunduliwe katika hatua mbili za mwanzo, vipimo vikamilike ndani ya siku 60, asilimia 80 wamalize tiba. Hakuna hata moja linaloanzia kwenye mashine ya mamilioni. Yote yanaanzia kwa muuguzi anayejua kupapasa titi na kumwamini mwanamke anaposema, hapa pamebadilika.

Chupa moja

Niishie kwenye kitu kidogo kinachoingia kiganjani: chupa ya plastiki yenye mdomo mpana, imejaa formalini, dawa kali inayochoma pua. Ndani yake kimelala kipande cha nyama chembamba kama kijiti cha kiberiti, kilichotolewa kwa sindano. Miongozo inataka kiingie humo ndani ya saa moja tangu kitolewe, kikae si chini ya saa 6 wala zaidi ya saa 72 kabla ya kuandaliwa, ili kipimo cha vipokezi kisipotoshwe. Juu ya chupa kuna jina, tarehe na saa.

Safari ya chupa hiyo ndiyo tunayoweza kuifupisha kuanzia wiki hii. Dereva anayekubali kuibeba, muuguzi aliyeandika saa sawasawa, mume aliyetoa nauli bila kungoja mavuno, dada aliyebaki na watoto. Mwisho wa safari mtaalamu wa patholojia atakata kipande hicho kiwe chembamba kuliko karatasi, atakipaka rangi na kukiweka chini ya darubini. Viini vya seli vitaonekana vya zambarau. Kuzizunguka seli hizo, kwa rangi ya waridi, zitaonekana zile nyuzi ambazo vidole vya mama vilizigusa asubuhi ile nyuma ya nyumba. Ataona zimesukwa kwa kiasi gani, na askari wa kinga wamefika au la. Atasoma mbegu, atasoma na udongo, na kwa mara ya kwanza tiba itakuwa na mahali pa kuanzia.

Mama wa Marabo, leo mwambie mtu. Nawe uliyeambiwa, usimjibu kwamba ni maziwa tu.